Bia Tatu Zisizo na Lebo

Tangu nirudi mnanisimamisha koridoni mmoja mmoja. Tunu alinivizia mpaka mlango wa msalani. Mzee Komba yeye hakuuliza kwa mdomo, alinitazama tu juu ya miwani mpaka nikaona haya. Wote nimewajibu "salama tu", na wote mmejua nawadanganya, maana mimi si mtu wa kurudi safari nikanyamaza siku tatu. Basi kaeni chini. Nasimulia mara moja, kwa maandishi, nisije nikarudia mara tano na kila mara nikaongeza chumvi.

Nilichotumwa mnakijua, lakini nakiandika hivyo hivyo. Sisi waonjaji sita ndio ulimi wa kiwanda cha bia. Miaka ile ya foleni pilsna yetu haikuwa na mshindani. Mtu akipata kreti mbili kwa kibali cha harusi, anamshukuru Mungu na mkuu wa wilaya. Sasa ni ruksa. Pilsna ya Nairobi imeingia, ya Afrika Kusini imeingia, na meneja mpya aliyekuja na wabia wapya akasema yetu imeshindwa kwa ladha. Nikabisha mkutanoni, tena kwa sauti niliyokuja kuijutia. Akanijibu kwa upole, "Vizuri, mama. Nenda kawaulize wanywaji wa huko mikoani. Wakiikataa na wao, tunaacha kuipika, tunapika ya wabia. Na ya wabia huonjwa kwao, kwa hiyo chumba chenu cha kuonja tutakifunga." Mlikuwepo. Wote mkanitazama mimi, hakuna aliyemtazama yeye.

Chupa za pilsna tatu, yetu, ya Nairobi na ya Kusini, zilibanduliwa lebo zote, zikafungwa uzi shingoni: mweupe, mwekundu na wa buluu. Uzi upi ni bia ipi, hiyo ilikuwa siri ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na mimi mwenyewe sikujua. Kanuni nilizitunga mimi, na nilijivunia kweli. Bia ifunguliwe nyuma ya pazia na kumiminwa kwenye majagi matatu, kila jagi na uzi wake. Mwenye bia asionekane, maana uso wake unaweza kumshawishi mnywaji. Anayeendesha zoezi asionje hata tone. Na zote ziwe na ubaridi mmoja. Kanuni safi kabisa, za kitaalamu. Shida yake mtaiona.

Mwanza hadi Lamadi

Treni naiacha, wote mnaijua. Mwanza nilipokelewa na dereva wa wakala wetu, Masanja, Msukuma mwenye mwili wa kubeba kreti mbili kwa mkono mmoja na sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi. Yeye ndiye angeendesha pikapu, angetafsiri, na angepeleka majagi kwa wanywaji huku mimi nimejificha. Nikamsomea kanuni zote, moja baada ya nyingine. Akaitikia kwa kichwa kila moja, ila ile ya kutoonja akauliza, "Hata kidogo, mama?"

"Hata kidogo. Ukionja umeharibu kazi."

"Haya, mama," akasema, lakini kwa namna ambayo sikuipenda.

Tulifika Lamadi saa sita mchana, jua limesimama utosini, na barafu niliyotoka nayo Mwanza imekuwa maji ya vuguvugu. Kanuni ya ubaridi ndiyo hiyo imekufa siku ya kwanza. Masanja akasema nisihangaike, Lamadi barafu ipo ya kumwaga. Kweli ilikuwepo: malori ya kukusanya sangara yalikuwa yameegeshwa pale, yamejaa barafu mpaka juu, samaki wanangoja kupelekwa kiwandani na baadaye Ulaya. Mama mmoja mchuuzi wa samaki, Mama Minza, mnene, mcheshi, kilemba cha njano, akatugawia makarai mawili. Nikazika chupa zangu humo, nikafurahi kama mtoto.

Saa moja baadaye nazitoa, mikono yangu inanuka sangara. Nanusa chupa: sangara. Nanusa jagi: sangara. Jamani, mimi niliyewahi kumfukuza Rajabu chumba cha kuonja kwa sababu ya sabuni ya manukato! Nikamwita Mama Minza, nikamwambia bia inanuka samaki. Akanusa kwa makini, akanusa tena.

"Samaki? Wapi?"

Akawaita wenzake. Wakanusa wanne. Hakuna aliyesikia samaki. Wakaanza kuninusa mimi.

Ikabidi tuendelee. Nikafunga khanga zangu mbili mlangoni mwa kibanda, nikamimina nyuma yake, Masanja akatoka na majagi na glasi kuwapelekea wachuuzi kumi waliokaa kwenye makreti. Mimi kazi yangu kusikiliza tu. Kwanza kimya. Kimya kirefu, mpaka nikadhani wameondoka. Halafu nikasikia Masanja anakohoa, halafu watu wote kwa pamoja, "Eeeh!" Baada ya hapo ikawa vicheko na glasi.

Majagi yaliporudi sikuamini. Lenye uzi mweupe lilikuwa tupu, limekaushwa. Jekundu na la buluu yamerudi karibu kama yalivyokwenda. Watu kumi, wote kumi, mweupe. Miaka kumi na saba naonja bia na sijapata kuona watu kumi wakikubaliana, hata sisi sita hatujakubaliana siku hata moja kama chai ina sukari. Nikaandika daftarini: "Nyekundu na buluu hawakuzipenda kabisa."

Mama Minza alipokuja kuniaga aliniuliza hizo bia ni za nani. Nikasema ni siri. Akacheka mpaka kilemba kikakaa upande.

"Dada, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hizi zako mbona zinatembezwa?"

Nikaanza kufungua khanga zangu mlangoni. Tulikula sato wa kuchemsha na ugali, mtamu mno, na mimi nikala bila kuonja, nawaza uzi mweupe ni bia ya nani.

Lamadi hadi Bariadi

Barabara ya Bariadi ni vumbi na mashimo, na msimu ule ni wa pamba. Kila tulipokwenda tuliongozana na malori yaliyoshindiliwa pamba mpaka imejaa kwenye miiba ya kando ya njia. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika. Sasa kila penye kijiji kuna mizani tatu, wanunuzi watatu, na mkulima anazunguka katikati kama mtu aliyeulizwa swali asilolielewa. Nilimwelewa sana yule mkulima.

Bariadi mwenye baa alikuwa mzee mpole, tuliyemwita Mzee Ntemi. Alikuwa na friji la mafuta ya taa, na alinihakikishia kwamba chupa zangu zitalala humo mpaka wanywaji wafike jioni. Nikaenda kupumzika nimetulia. Kurudi saa kumi na moja nakuta chupa zangu zote zimepangwa uani juani, safi, mstari mmoja, kama watoto wa shule.

"Mzee! Nani kazitoa?"

"Mimi," akasema kwa fahari. "Nimezitoa tangu saa nane. Watakaoonja ni watu wazima, wana vifua. Wao wanakunywa ya moto. Ungewapa ya baridi wangeona umewadharau."

Nikaketi kwenye hatua ya mlango. Hebu niambieni nyinyi wataalamu, pilsna ya moto unaionjaje? Masanja akanyanyua mabega. Mzee Ntemi akaniletea soda, ya baridi, kwa kuwa mimi bado kijana. Hiyo nilimshukuru, nilikuwa sijaitwa kijana siku nyingi.

Tukafanya hivyo hivyo. Khanga mlangoni, mimi nyuma, Masanja mbele. Kimya kilekile. Kikohozi kilekile cha Masanja. "Eeeh" ileile. Na majagi yakarudi: la buluu tupu, jeupe na jekundu yamejaa. Wazee tisa kati ya tisa, buluu.

Usiku ule niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Labda ya Lamadi ilikuwa sangara. Labda ya Bariadi ilikuwa jua. Labda joto linaipendezesha buluu na barafu inaipendezesha nyeupe. Lakini watu tisa kati ya tisa? Nikatamani kuchana ile bahasha. Nikaiweka chini ya godoro, nikailalia, nisije nikashindwa kujizuia.

Bariadi hadi Mwanhuzi

Kwenda Mwanhuzi, huko Meatu, nchi inakauka unavyoiona. Ng'ombe wengi, miti michache, na mito ambayo haina maji ila mchanga. Mto mmoja wa namna hiyo ulitumeza magurudumu yote manne. Masanja alichimba, nikachimba na mimi kwa sahani ya kulia chakula, gari likazidi kuzama. Tukakaa kivulini saa tatu nzima tukila michembe ya Masanja. Ile michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Ukiitafuna huna nafasi ya kulalamika, taya zina kazi.

Akatokea mzee na maksai wanne. Mzee mwenyewe mkavu, fimbo begani, maneno machache. Akawafunga maksai kwenye pikapu, gari likaanza kusogea. Nikaona ni ungwana kumpa bia. Nikaingia garini, nikafungua chupa moja, nikashuka nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Hakuipokea. Aliitazama, akanitazama, akasema neno.

"Anasemaje?" nikamuuliza Masanja.

"Anakukaribisha tu, mama. Anasema uanze wewe."

"Mwambie asante, nipo kazini. Kanuni hairuhusu."

Masanja akatafsiri, nadhani alitafsiri. Yule mzee akasimama kidogo, halafu bila hasira wala kelele akaenda kuwafungua maksai wake. Gari likiwa nusu mchangani! Nikapiga kelele, "Kulikoni? Nimemkosea nini?" Masanja akaipokonya ile chupa mkononi mwangu, akakimbia nayo kule kwa maksai, na mwili wake mkubwa ukanizuia nisione kitu. Nilichoona ni mzee anapokea chupa, anapiga funda refu, na kuwafunga maksai upya. Dakika tano tukawa ng'ambo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwomba tu, mama."

Nikamwambia Masanja kwamba watu wa kwao wana vichwa vigumu. Mungu anisamehe.

Mwanhuzi tulikuta hakuna mtu, wote wako mnadani kwenye ng'ombe. Tukangoja mpaka warudi, na waliporudi walirudi wengi kuliko niliowahitaji. Wakajipanga mstari. Mzee wa mbele akanisogelea kwa adabu, akashika chupa ya uzi mwekundu, akauliza, "Mama, hii ndiyo ya mgongo?"

"Ya mgongo vipi?"

"Na ile nyeupe je? Mke wangu hapati usingizi."

Nikamgeukia Masanja. Masanja akatazama viatu vyake. Ndipo nikajua habari zimenitangulia, nikajitazama mimi mwenyewe kwa macho yao: mwanamke mgeni, ametoka mbali, ana chupa zisizo na majina, zimefungwa nyuzi za rangi shingoni, anajificha nyuma ya nguo na kuchanganya. Hata mimi ningedhani mganga. Nikaapa kwa lugha zote ninazozijua kwamba hizi ni bia, ni bia tu, hazitibu kitu, tena zinaharibu. Nusu yao wakaondoka wamechukia kwa kupotezewa muda. Waliobaki walikuwa wanane, na sidhani kama waliniamini.

Pazia, kimya, kikohozi, "Eeeh." Nyekundu. Wanane kati ya wanane.

Hapo ndipo nilipolia. Sisemi kwa aibu, nililia, nyuma ya khanga yangu, nimekalia kreti. Miji mitatu, majibu matatu, kila mji umeapa kwa sauti moja na kila mji umeapa tofauti. Nikirudi na daftari hili meneja atacheka kwa lugha yake na kukifunga chumba. Na nilikuona wewe Mzee Komba, umebakiza miaka miwili tu ustaafu, unatoka getini na koti lako jeupe mkononi. Mimi ndiye niliyebisha mkutanoni. Mimi ndiye niliyesema, "Nitakwenda."

Kurudi kwa njia ya Mwamapalala

Asubuhi Masanja hakula. Tukaendesha mwendo mrefu, halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, tupitie Mwamapalala. Nina shangazi pale. Yeye ni mpishi wa pombe ya mtama, anasifika. Labda atatusaidia."

Nikafikiri, mpishi wa pombe ya mtama anisaidie mimi nini kwenye pilsna? Lakini nilikuwa nimekata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hachagui njia. Nikasema twende.

Shangazi yake anaitwa Kabula. Mji wake una zizi kubwa, ghala mbili, na chungu cha pombe ambacho mtu mzima anaweza kuoga ndani. "Mwadila, mayu," nikamsalimu, yaani umeshindaje, mama, salamu pekee ya Kisukuma niliyokuwa nimeishika vizuri. Akafurahi, akanikalisha kwenye kigoda, akachota pombe yake kwenye kibuyu. Nikanyoosha mikono kupokea. Hakunipa. Aliinua kibuyu, akanywa yeye kwanza, funda moja zito ambalo kila mtu aliyekuwepo aliliona linashuka kooni. Ndipo akanipa.

Nikakishika kile kibuyu. Nikamkumbuka mzee wa maksai.

"Mayu," nikasema taratibu, "mbona umeanza wewe?"

Akanishangaa. "Ningekupaje mgeni kitu ambacho sijaingiza mdomoni mwangu? Ungejuaje nimekuwekea nini?" Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha, na palipopungua Masanja aliongezea. "Kwenu mnafanyaje?"

Kwetu! Mimi nimezaliwa kota za reli Morogoro. Kwetu chupa inafunguliwa mbele yako, ukisikia ile sauti ya kizibo umeridhika. Na hata hiyo mimi niliificha nyuma ya khanga.

Nikageuka. Masanja alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri hukumu ya mahakama ya mwanzo.

"Masanja. Kile kikohozi."

"Mama, wasingekunywa," akasema. "Lamadi walikaa kimya wakanitazama mimi. Bia haina lebo, imemiminwa mafichoni, mwenyewe haonekani, na aliyeileta haonji. Nani anywe? Mayu Minza aliniuliza waziwazi, 'Masanja, unataka kutuua?' Ndipo nikaonja."

"Ukaonja ipi?"

"Iliyokuwa karibu na mkono."

"Moja tu?"

"Moja tu, mama. Ulikuwa umekataza. Nikaona nikionja moja, nitakuwa nimevunja kanuni kidogo. Ningeonja zote tatu ningekuwa nimeivunja yote."

Lo! Nilitaka kumpiga, nikataka kumkumbatia. Shangazi Kabula alitaka kuelezwa, akaelezwa, na alipoelewa alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Mwanangu," akaniambia huku akifuta machozi, "mtu akileta vyombo vitatu, akaonja kimoja na kuviacha viwili, wewe ungekunywa kipi?"

Ndiyo hivyo, ndugu zangu. Watu ishirini na saba hawakuchagua bia. Walichagua kubaki hai. Majibu yangu yote ya miji mitatu yalikuwa ni mkono wa Masanja.

Nilipoacha kucheka, maana na mimi nilicheka mwishowe, nilikuwa na kreti moja ya mwisho. Nikaitoa nje, uwanjani, mbele ya watu. Majirani walikuwa wamekuja kunitazama, kumi na mmoja pamoja na shangazi. Nikafungua chupa mbele yao, kizibo kimoja kimoja, kila mtu asikie. Nikamimina kwenye majagi. Halafu nikafanya nilichojikataza tangu Mwanza: nikaonja mimi. Nyeupe, funda. Nyekundu, funda. Nikaonja na ya buluu, nikalishika lile funda mdomoni, sikulimeza upesi.

Sikuhitaji bahasha. Mngekuwepo msingeihitaji pia. Ilikuwa yetu, shayiri ni ileile, uchungu ni uleule unaokuja mwishoni na kukaa. Na nyuma yake, laini, ya kukera, ladha ya siagi. Mnaijua siagi ile. Msijifanye hamuijui.

Nikawapa. Safari hii hapakuwa na kimya wala "eeeh". Palikuwa na ubishi, ubishi mzuri kabisa, wa kusukumana mabega. Watu walikunywa zote tatu, wakarudia, wakatukanana kwa mapenzi, mmoja akasema wote hawajui kitu. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu mwaka uanze. Majagi yote matatu yalirudi tupu.

Shangazi Kabula alikuwa amejiwekea glasi zake tatu, akasubiri mpaka wengine watulie. Alinywa ya uzi mwekundu, akasema, "Maji. Maji mazuri, lakini maji." Akanywa ya mweupe, akatikisa kichwa kukubali. "Huyu mpishi ana subira. Hii imelala." Akanywa ya buluu. Akanywa tena. Akaniangalia, na nadhani usoni mwangu aliona, maana alilainisha sauti.

"Hii nafaka yake ni nzuri kuliko zote. Aliyetunga mapishi haya alikuwa mpishi kweli. Lakini imetolewa kabla haijalala. Ina haraka." Akaweka glasi chini. "Hii ni ya kwako?"

"Ndiyo, mayu."

"Na kabla haijatoka kwenda kwa watu, nani anaionja?"

Nikamwambia, "Mimi. Mimi na wenzangu watano."

"Mkaionja hivi hivi, mkawapa watu?"

Hakusema kwa ukali, aliuliza tu kama anavyouliza mtu asiyeelewa. Masanja akajifanya anafunga kreti.

Nyumbani

Sasa mmejua kwa nini nilinyamaza. Mnakumbuka ilivyoanza, miaka ile ya foleni. Simu inatoka juu, watu wanangoja, matangi yafunguliwe. Bia haijamaliza wiki zake kwenye baridi, tunaonja, tunasikia siagi, tunatazamana. Mmoja anasema itanyweka tu, itapelekwa wapi isinyweke. Tunaandika "Inafaa" na kusaini, sote sita. Halafu foleni ikaisha, simu zikaisha, na sisi tukaendelea kusaini kwa mazoea. Mpaka tukasahau kwamba ile siagi ni kosa. Nilikwenda mkutanoni kubishana na meneja nikiamini kabisa kwamba ladha ile ndiyo yetu.

Bahasha niliifungua juzi. Buluu ni sisi.

Ripoti nimeiandika, ni ukurasa mmoja. Nimeeleza kwamba Lamadi, Bariadi na Mwanhuzi hakuna majibu, na kosa ni la kanuni zangu. Masanja ameandikwa kwa sifa. Nimeeleza ya Mwamapalala neno kwa neno. Nimesema mapishi yetu yasiguswe, ni mazuri kuliko ya wote, ila bia irudishiwe wiki zake za kulala. Na nimesema kwamba waliokuwa wakiipitisha ikiwa mbichi ni waonjaji wenyewe, kwa sahihi zao, vitabu vipo. Bila sentensi hiyo hakuna atakayeamini zile nyingine, na meneja ataipika ya wabia. Najua sentensi hiyo hiyo inaweza kututoa sote getini. Naogopa, sitaki kuwaficha. Nimeshindwa kulala na mimi, kama ile bia yetu.

Karatasi ipo mezani kwangu, chini ya lile jagi la uzi wa buluu nililorudi nalo. Sahihi yangu ipo juu. Chini yake nimechora mistari mitano, na sikuandika jina la mtu, kila mmoja anaujua mstari wake. Jumatatu asubuhi naipeleka kwa meneja, iwe na majina sita au moja.

Kule nilikokwenda, mleta chombo huanza yeye, mbele ya macho ya watu, ndipo ampe mwenzake. Mimi nimeshaanza.